Kumpokea kijana kwenye mamlaka ya maji, na kumfanya abaki

Karibu kila mamlaka ya maji ina fundi mmoja anayejua valvu zote zilipo. Bomba la inchi 8 likipasuka saa nane usiku, ndiye anayepigiwa simu, na ndiye anayejua kwamba valvu ya kufunga mtaa huo imefukiwa chini ya kibanda cha muuza chipsi, hatua sita kutoka nguzo ya umeme. Ramani haipo, au iliyopo ilichorwa wakati mtaa huo ukiwa shamba la mihogo. Fundi huyo akifika miaka 60 anastaafu, na siku anayorudisha kitambulisho anaondoka na nusu ya mtandao kichwani.

Wakati huohuo kuna vijana waliomaliza Chuo cha Maji pale Ubungo, VETA, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Ardhi au MUST Mbeya, wanazunguka na bahasha ya kaki mkononi. Wengi wao walishawahi kuja fildi kwenye mamlaka hizihizi. Walikaa wiki nane wakitoa fotokopi na kusubiri kitabu kisainiwe, wakaondoka bila kushika hata spana.

Mwongozo huu ni wa meneja, mhandisi, msimamizi wa mtambo au mwenyekiti wa chombo cha watumia maji anayetaka kuwakutanisha fundi yule na kijana huyu. Msimamo wetu ni kwamba kijana haingii kwenye kazi ya maji kwa semina. Anaingia akipewa kipande cha kazi chenye namba anayopaswa kuijibia, na mtu mwenye uzoefu pembeni yake.

Kabla hajafika

Anza na mlezi. Mlezi si lazima awe mkuu wa idara. Mara nyingi mkuu wa idara ndiye mtu mbaya zaidi wa kumpa, kwa sababu yuko kwenye vikao. Chagua fundi sanifu au mwendesha mtambo anayefanya kazi kwa mikono yake kila siku. Mlezi mmoja, vijana wawili, basi. Wakifika wanne, wawili watafanya kazi na wawili watashika simu.

Kuna jambo linaloharibu mipango hii kuliko ukosefu wa fedha, nalo ni fundi anayeficha ujuzi. Hafichi kwa roho mbaya. Anahofu kwamba akishafundisha ataambiwa apumzike, au kijana mwenye cheti atawekwa juu yake mwakani. Hofu hiyo haitibiwi kwa maneno matamu. Andika barua inayosema kufundisha ni sehemu ya kazi yake, mpunguzie zamu moja kwa wiki ili apate muda, na jina lake liandikwe kwenye ramani au ripoti itakayotokana na kazi hiyo. Kama taratibu zenu zinaruhusu posho, ilipwe kwa wakati. Posho ikichelewa miezi mitatu, mafunzo husimama hata kama hakuna aliyetamka.

Kisha barua ya kijana mwenyewe. Iandikwe tarehe ya kuanza na kumaliza, idara atakazopitia, jina la mlezi, saa za kazi, nani analipa nauli, na nani anagharimia matibabu akiumia kazini. Hilo la mwisho huachwa mpaka siku mtu anapokatwa na bomba, kisha chuo na mamlaka wanaanza kutupiana mpira hospitalini.

Vifaa vya kujikinga viwepo siku ya kwanza: buti za mpira za saizi yake, glavu jozi mbili, kofia ngumu, kizibao cha kuakisi mwanga, miwani ya kemikali. Ukimwambia aje na vyake, atakuja na raba, na mlezi atamwacha ofisini kwa sababu hawezi kumshusha kwenye mtaro akiwa na raba.

Usitafute wahandisi peke yao. Mamlaka inahitaji mtu wa maabara, wa hesabu za ankara, wa ramani, wa kompyuta, na wa maendeleo ya jamii anayeweza kukaa na wananchi wa kioski wakaelewana. Barua za wanafunzi wa fildi huanza kumiminika miezi kadhaa kabla ya likizo ndefu ya vyuo, kwa hiyo idadi ya nafasi iamuliwe mapema. Wiki ya Maji, ambayo hapa Tanzania huadhimishwa Machi 16 hadi 22, ni wakati mzuri wa kufungua mtambo kwa wanafunzi wa kidato cha nne na cha sita. Wengi wao hawajui kabisa kwamba kuna kazi nyuma ya koki.

Wiki mbili za kwanza: kutembea na maji

Usimpeleke kijana moja kwa moja kwenye idara. Mtembeze na maji kutoka chanzo hadi koki ya mteja. Dar es Salaam safari hiyo inaweza kuanzia mto Ruvu, kupitia mtambo wa Ruvu Chini uliosanifiwa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku au Ruvu Juu wa lita milioni 196, hadi kwenye matenki ya mjini na kuishia uani kwa mteja. Mamlaka ndogo yenye visima vitatu na tenki moja juu ya kilima itamaliza safari kwa siku mbili, na hilo halina neno.

Kila kituo apime kitu kimoja kwa mkono wake: tope na pH (kipimo cha uchachu) ya maji ghafi, tope baada ya kuchuja, klorini baada ya tenki, presha kwenye bomba la mtaa, mtiririko kwenye koki. Mwisho wa wiki awe na karatasi moja yenye namba zote kwa mpangilio. Karatasi hiyo itamfundisha kuliko mihadhara, kwa sababu ataona mwenyewe mahali klorini inapopotea au presha inaposhuka, naye ataanza kuuliza.

Wiki hizohizo mfundishe yanayoua. Gesi ya klorini ni nzito kuliko hewa mara mbili na nusu, kwa hiyo hukaa chini: ukinusa, panda juu na kaa upande upepo unakotoka, usiiname wala usikimbilie bondeni. Chemba ya valvu iliyofungwa muda mrefu inaweza kukosa oksijeni; hakuna anayeshuka kabla hewa haijapimwa, na hakuna anayeshuka bila mtu juu mwenye kamba. Mtaro unaomzidi mtu kiuno, kwenye udongo wa kichanga kama wa pwani, uwekewe mbao za kushikilia kingo au upanuliwe juu. Kijana atataka kuonyesha ushujaa mbele ya mafundi. Mlezi ndiye wa kumwambia kwamba kukataa kushuka si uoga.

Mtamboni: jaribio la shabu

Kwa anayekwenda kwenye mtambo wa kusafisha maji ya mto au ziwa, kazi ya kwanza ya kweli ni kupima kiasi cha shabu, dawa inayoshikanisha tope ili lizame, kwa kutumia magudulia. Ni kazi ya saa moja na nusu, inahitaji vifaa vichache, na matokeo yake yanaonekana kwenye gharama za mwezi.

Yeyusha gramu 10 za shabu kwenye lita moja ya maji safi. Sasa kila mililita moja ya mchanganyiko huo, ikitiwa kwenye lita moja ya maji ghafi, ni miligramu 10 kwa lita. Weka magudulia sita ya lita moja moja, yajaze maji ghafi yaliyochotwa muda huohuo, kisha tia mililita 1, 2, 3, 4, 5 na 6. Koroga kwa kasi, mizunguko kama 100 kwa dakika, kwa dakika moja. Punguza hadi 30 kwa dakika kwa dakika 15 hadi 20, ili chembe za tope zishikane ziwe mabonge. Zima, acha yatulie dakika 30, halafu chota maji ya juu polepole bila kutibua chini na pima tope lake.

Dozi sahihi ni ile ndogo kabisa inayotoa maji safi ya kutosha. Kijana mpya huchagua gudulia linalong'aa kuliko yote hata kama limetumia shabu maradufu ya la pembeni yake. Mwambie apige hesabu: mtambo unaopitisha mita za ujazo 200 kwa saa, kwa dozi ya miligramu 30 kwa lita, unakula kilo 6 za shabu kila saa. Dozi ikipanda hadi 50, ni kilo 10. Kilo 4 za ziada kila saa, mchana na usiku, ni kilo 96 kwa siku zinazotupwa mtoni pamoja na tope.

Hatua inayofuata ndiyo huwapiga chenga wengi: kuitoa namba kwenye gudulia hadi kwenye pampu ya dawa. Kama tenki la dawa lina shabu ya asilimia 5, yaani gramu 50 kwa lita, kilo 6 kwa saa ni lita 120 kwa saa, sawa na lita 2 kwa dakika. Asiamini namba iliyoandikwa kwenye kitasa cha pampu. Achukue chombo cha lita moja na saa ya simu, akinge chini ya mrija: kijae ndani ya sekunde 30. Kikichukua sekunde 45, mrija umeanza kuziba au mchanganyiko umewekwa mzito. Hapo ndipo kijana anaanza kuujua mtambo.

Vitu vinavyoharibu jaribio: mchanganyiko wa shabu wa wiki iliyopita, maji ghafi yaliyokaa kwenye ndoo tangu asubuhi, na kusahau pH. Shabu hufanya kazi vizuri pH ikiwa kati ya 6 na 7.5 hivi, nayo yenyewe huishusha. Msimu wa mvua, maji ya mto yakija mekundu na yenye uwezo mdogo wa kuhimili tindikali, mabonge yanaweza kukataa kabisa kushikana mpaka itiwe chokaa. Kwa hiyo jaribio lirudiwe kila mto unapobadilika rangi. Kwenye masika ya kweli hiyo ni zaidi ya mara moja kwa siku.

Klorini, kwa gramu

Hesabu ya klorini kila kijana wa mamlaka aijue, hata wa ankara. Tenki la mita za ujazo 50 likitiwa dozi ya miligramu 2 kwa lita linahitaji gramu 100 za klorini. Unga wa HTH, yaani klorini ya unga, wenye nguvu ya asilimia 65 hauna gramu 100 za klorini ndani ya gramu 100 za unga. Gawanya kwa 0.65 upate gramu 154. Kosa la kusahau kugawanya ni la kawaida mno, na matokeo yake ni maji ambayo klorini imekwisha kabla hayajafika mwisho wa bomba.

Unga utiwe kwenye maji, kamwe maji yasimiminwe juu ya unga. Akoroge kwenye ndoo ya plastiki, aache mashapo yatulie, amimine maji ya juu peke yake. Asubiri nusu saa kabla ya kupima. Lengo la Shirika la Afya Duniani ni angalau miligramu 0.5 kwa lita ya klorini iliyobaki baada ya dakika 30, pH ikiwa chini ya 8, na isipungue 0.2 inapofika kwa mteja. Kwa kifaa cha vidonge vya DPD, vinavyobadili rangi ya maji yenye klorini, asome rangi mara tu kidonge kinapoyeyuka, chupa iwe imesuuzwa kwa maji yaleyale, na koki iachwe itiririke kwanza mpaka maji yaliyolala kwenye bomba la nyumba yatoke. Ndoo ya HTH iliyoachwa wazi stoo hupoteza nguvu. Ukiona dozi inapanda mwezi hadi mwezi na mabaki hayapandi, kagua kifuniko kabla ya kulaumu bomba.

Mikoa ya Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga ina kazi nyingine iliyomkaa kijana wa maabara vizuri: floraidi. Kiwango kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita. Floraidi haitoki kwa klorini, na kuchemsha huizidisha kwa sababu maji hupungua, yenyewe ikabaki. Mpe visima vyote vya eneo moja, apime kila kimoja mwisho wa kiangazi na tena baada ya mvua, aandike kina, eneo na matokeo. Jedwali hilo litawaambia ni kisima kipi kichanganywe na kipi kabla ya maji kwenda kwa watu.

Ramani ya valvu

Kama mtachagua kazi moja tu ya kumpa kijana, mpe hii. Inamuunganisha na fundi yule wa mwanzo, haihitaji fedha nyingi, na ikikamilika mamlaka yote inaitumia.

Vifaa: simu yenye GPS, futi kamba ya mita 30, rangi ya kupulizia, jembe na sururu, ufunguo wa valvu, na fomu kwenye simu. Programu za bure zinatosha: KoboToolbox ya kukusanya, QGIS ya kuchora. Wakishazoea, EPANET, nayo ya bure, itawasaidia kukokotoa presha kwa kutumia ramani hiyohiyo.

Kijana na fundi watembee asubuhi, kabla jua halijawa kali, bomba moja baada ya jingine. Kwenye kila valvu waandike kipenyo, aina, upande wa kufungia, idadi ya mizunguko kutoka wazi hadi kufungwa, hali yake, kina cha chemba, na hasa mitaa gani inakosa maji ikifungwa. Taarifa hiyo ya mwisho ndiyo imo kichwani mwa fundi na haimo popote pengine.

Upande wa kufungia uandikwe kwa sababu kuna valvu zinazofunga kinyume cha saa, na mtu asiyejua ataikaza iliyo wazi hadi ikatike shina. Mizunguko ihesabiwe kwa sababu valvu ya inchi 6 aghalabu huchukua 20 hadi 30. Ikigoma kwenye wa 12, haijafungwa, imekwama kwenye kutu au jiwe, na mnaodhani mmefunga mtaa mnaendelea kupitisha maji. Ifungwe polepole, hasa mizunguko ya mwisho. Maji yaliyokuwa mwendoni yakisimamishwa ghafla hupiga kishindo kinachopasua kiungo dhaifu mita mia mbili mbele, na mtaondoka na kazi mbili badala ya moja.

GPS ya simu hukosea mita 3 hadi 5 mahali pa wazi, na zaidi kati ya nyumba zilizobanana. Hiyo inatosha kuchora, haitoshi kuchimba. Kwa hiyo kila valvu ipimwe kwa futi kamba kutoka vitu viwili visivyohama: kona ya nyumba ya tofali, nguzo, kona ya daraja. Mti haufai, hukatwa. Kibanda hakifai kabisa.

Fundi na kijana wanaofanya kazi kwa utulivu hufikia valvu chache kwa siku, hasa zile zilizofukiwa. Usiwaharakishe kwa kuwawekea idadi kubwa, maana wataandika kutoka kivulini. Kila Ijumaa msimamizi achague valvu mbili kwenye ramani bila kuwaambia, aende na futi kamba peke yake aone kama anazipata.

Maji yanayopotea njiani

Upotevu wa maji ni tofauti ya maji yaliyozalishwa na yaliyouzwa, ikigawanywa kwa yaliyozalishwa. Kila mkutano huitaja asilimia hiyo. Kijana apewe mtaa mmoja wenye dira (mita ya maji) moja ya kuingilia, na aambiwe kwamba asilimia ya mtaa huo ni yake.

Aanze na ndoo. Ndoo ya lita 20, iliyopimwa na kuwekewa alama, ijazwe mara tano kwenye koki ya mteja huku vyombo vingine vyote vimefungwa. Hizo ni lita 100. Dira ikisogea lita 92, inakula asilimia 8 ya mapato. Arudie kwenye dira 30, za zamani na mpya, kwa koki iliyo wazi na kwa koki iliyobanwa hadi mkondo mwembamba, kwa maana dira nyingi za kimitambo zilizochakaa hudanganya zaidi mkondo ukiwa mdogo. Kwenye mitaa ya mgao atakutana na malalamiko ya kinyume: dira inayozunguka kwa hewa maji yanaporudi. Mteja huyo hasemi uongo. Dawa ni valvu ya kutolea hewa kwenye sehemu ya juu ya bomba, na kijana anaweza kuonyesha mahali pa kuiweka.

Baada ya hapo apime usiku, saa nane hadi saa kumi alfajiri, watu wakiwa wamelala. Mtaa wenye wateja 600 ukiingiza mita za ujazo 9 kwa saa, na ukikadiria kila mteja anatumia lita 2 kwa saa wakati huo, matumizi halali ni 1.2. Zilizobaki 7.8 zinavuja au zinaibwa. Asizidishe kwa 24 moja kwa moja, kwa sababu presha ya usiku huwa juu na mivujo hutoa zaidi kuliko mchana. Na kama ni mtaa wa mgao, kipimo hiki kitamdanganya kabisa: usiku ndio wakati matenki ya juu ya paa yanajaa. Hapo alinganishe dira ya kuingilia na dira za wateja zilizosomwa siku moja, si kwa wiki nzima. Ankara zinazosomwa kuanzia tarehe 1 hadi 20 huzalisha upotevu wa karatasi ambao hakuna bomba lililouvujisha.

Kazi hii ifanyike na mlezi, si peke yake usiku. Akigundua bomba lililounganishwa kwa wizi aandike na kuondoka. Kumkabili mwenye nyumba si kazi yake.

Saini, kitabu na njia ya mbele

Kikao cha nusu saa kila wiki, siku ileile. Maswali matatu yanatosha: ulipima nini, namba ilikuwa ngapi, kwa nini unadhani iko hivyo. Kitabu cha kumbukumbu kisainiwe hapohapo. Kusaini wiki nane kwa mkupuo siku ya mwisho ni kumdhulumu kijana, kwa sababu kitabu hicho atakihitaji.

Atakihitaji wapi? Mhitimu wa shahada anayetaka kuwa mhandisi mtaalamu anapaswa kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi na kupata uzoefu wa vitendo chini ya mhandisi aliyesajiliwa. Mpango wa bodi wa mafunzo hayo ni wa miaka mitatu. Bodi husajili mafundi sanifu pia. Meneja ajue mapema ni mhandisi yupi kwenye mamlaka yake aliyesajiliwa na yuko tayari kusimamia. Kama hakuna, akubaliane na mamlaka jirani kabla ya kumpokea mhitimu, si mwaka wa pili.

Kuhusu ajira, sema ukweli siku ya kwanza. Nafasi za kudumu kwenye taasisi za umma hutangazwa na kushindaniwa kupitia Sekretarieti ya Ajira. Usimwahidi kijana kwamba "tutakuangalia". Mpe kile kilicho mikononi mwako: mkataba wa muda kama bajeti ipo, barua inayotaja kazi aliyofanya kwa namba, na mazoezi ya usaili. Barua ya "alikuwa na nidhamu" haimsaidii. Inayosema "alipima dira 30, akachora valvu za kata mbili, akapunguza dozi ya shabu kutoka 50 hadi 35" inamsaidia hata kwa mkandarasi binafsi.

Wasichana wengi humaliza vyuo vya maji na wachache huonekana kwenye mitaro. Sababu nyingi ni za vitu vya kushikika: mtambo hauna choo chenye mlango unaofungwa, buti ndogo kabisa stoo ni namba 8, zamu ya usiku haina gari la kurudisha, na msimamizi humpeleka msichana mapokezi bila kumuuliza. Vyote vinarekebishika kwa fedha ndogo. Kuwe na mtu mwanamke anayejulikana kwa jina wa kupokea malalamiko ya unyanyasaji, asiwe mlezi mwenyewe, na kijana aoneshwe mtu huyo wiki ya kwanza.

Vijijini

Tangu RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, ianze Julai 2019, chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka huo, miradi ya vijijini huendeshwa na vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii. Hapa ndipo kijana mwenye stashahada anaweza kuwa na uzito kuliko mjini, na hapa ndipo malipo ni magumu. Kijiji kimoja chenye vituo vichache vya kuchotea hakimudu mshahara wa fundi sanifu. Ushauri wetu ni vyombo vitatu au vinne vya jirani vichangie fundi mmoja mwenye pikipiki, kila chombo kikilipa kwa siku zake, na makubaliano yaandikwe mbele ya meneja wa wilaya.

Mwezi wake wa kwanza afanye mambo mawili. La kwanza, asome dira ya kisima kila siku na alinganishe na fedha za vituo. Pengo litaonekana ndani ya wiki mbili, na mara nyingi ni la hesabu mbovu za daftari kabla ya kuwa la wizi. La pili, pampu ya jua: aoshe paneli asubuhi kabla hazijapata joto, aandike mtiririko saa nne, saa saba na saa kumi. Mtiririko wa saa saba ukishuka mwezi hadi mwezi na jua ni lilelile, apime kina cha maji kisimani kabla ya mtu yeyote kununua pampu mpya.

Siku ya kuondoka

Kijana akimaliza muda wake, data zisiondoke naye. Akaunti ya fomu na ramani ifunguliwe tangu mwanzo kwa barua pepe ya ofisi, nywila mbili zikae kwa watu wawili. Mafaili yanakiliwe kwenye diski ya nje. Ramani ya valvu ichapishwe kwenye karatasi ya A1, ipakwe plastiki, ibandikwe kwenye chumba cha mafundi wa dharura, siyo ofisini kwa meneja ambako hufungwa saa tisa na nusu. Chini kulia liandikwe jina la fundi aliyeonyesha, la kijana aliyechora, na tarehe. Na kalamu ya wino usiofutika ining'inie kando kwa uzi, ili valvu itakayopatikana usiku wa leo iongezwe leo.